Mnara wa Mgeni

Wiki iliyopita niliwaacha makaburini, na wengine wenu mmenitumia salamu za matusi kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nisingependa kuachwa pale. Turudi basi, maana njia ya kutokea ilipitia palepale.

Kwa anayeanza leo: mimi ni mkaguzi wa Mamlaka, ile ofisi ya serikali inayozisimamia kampuni za simu. Serikali iliipa kampuni moja fedha ijenge mnara kwenye kijiji cha mbali kisicho na faida ya kibiashara, kwa sharti kwamba mnara uwake usiku na mchana. Nilitumwa kwa siri kwenda kuona kama unawaka. Siri hiyo niliijua mimi, dereva wangu na bosi wangu, na kabla sijafunga begi kampuni nayo ilikuwa imeshaijua.

Wanakijiji waliuita Mnara wa Mgeni. Kampuni iliuzima ili kubana dizeli ya jenereta, ikauwasha siku ya mkaguzi tu. Mkaguzi alipima, akaandika kwamba mtandao upo, akaenda zake, na mnara ukalala tena. Ndiyo maana simu zikianza kulia pale kijijini watu hawasemi "haloo". Wanasema, "Mgeni kaja."

Siku niliyofika mimi walikuwa wanamzika mke wa Seremala. Uchungu ulimshika, gari la wagonjwa likashindwa kuitwa, akafa yeye na mtoto tumboni. Nilisimama nyuma ya waombolezaji na begi langu begani, nikijifanya msafiri tu. Seremala alikuwa ameshika kamba ya kushushia jeneza alilolichonga mwenyewe. Tuliishia hapo, simu zilipoanza kulia.

Zililia zote kwa mkupuo. Meseji zilizokwama tangu mvua za mwanzo zilimiminika mifukoni na kwenye mikoba, na mchungaji wa watu akasahau mstari aliokuwa anausoma.

Simu ya marehemu nayo ikalia. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mumewe. Seremala aliachia kamba, akaitoa, akasoma. Ilikuwa meseji yake mwenyewe, aliyomtumia mkewe siku ile akiwa mjini: "Niko njiani, vumilia."

Aliisoma kwa sauti, sijui kwa nini. Mama wa marehemu, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wenzake, aliacha kulia ghafla.

Na ndani ya begi langu, simu zangu zote za kupimia zikaitikia.

"Wewe," alisema mtu wa sepeto aliyesimama kando yangu. "Mbona begi lako linaimba?"

"Ni simu tu. Za biashara."

"Unafanya biashara ya simu makaburini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Sepeto likanipata juu ya sikio, nikaona nyota mchana kweupe.

Nilipoanguka vilifuata viatu. Mbavuni, mgongoni, mdomoni. Jino moja lilitoka nikalimeza pamoja na udongo. Mtu mmoja alinikalia kifuani akawa ananigonga kichwa chini, taratibu kabisa, huku akinieleza kwamba marehemu alikuwa binamu yake.

Aliyeniokoa ni Mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye koti la suti na ndala. Alinilalia mwili mzima kama godoro.

"Msimuue!" alipiga kelele. "Huyu ni serikali! Serikali haipigwi kabla haijasema!"

Nilimpenda mzee yule. Nawaomba mlikumbuke pendo langu hilo mtakaposikia alichonifanyia baadaye.

"Mkuu," alininong'oneza huku bado amenilalia, "nipe namba yako. Miaka yote natafuta namba ya mtu wa serikali." Nikamtajia, damu ikinitoka puani, naye akaiandika kwenye simu yake na kunibipu akiwa palepale juu yangu.

Ndipo Seremala akasema neno lake la kwanza. "Mnara umewaka. Basi aliyeuwasha yuko huko kilimani ulipo."

Majembe na masepeto yakageuka, na umati wote ukaelekea kilimani na Mwenyekiti nyuma yao akihema. Jeneza likabaki kando ya shimo na wazee wachache wa kulilinda.

Mimi nilikokotwa hadi zahanati. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na Nesi mmoja mwenye mikono migumu ambaye hakuniuliza kama naumwa.

"Tulia," alisema, akipitisha uzi kwenye sikio langu. "Sindano ya ganzi imeisha. Niliomba zaidi kwa simu. Si unajua simu za huku."

"Naomba unisamehe."

"Mimi? Kamuombe aliyeko kwenye jeneza."

Simu yangu ikalia. Niliitazama, nikaona jina la mdogo wangu wa mwisho, tumbo moja, ziwa moja. Yeye alikuwa akitengeneza jenereta za mahoteli. Ndivyo alivyotuambia nyumbani, na sote tulijivuna.

"Kaka."

"Nitakupigia baadaye, niko kazini."

"Hata mimi niko kazini," alisema. "Kaka, wanavunja mlango."

"Mlango gani?"

"Wa kibanda cha mitambo. Nimejifungia chini ya mnara. Kuna watu hapa nje wanataka kunichoma moto."

Nilimsukuma Nesi, sindano ikabaki inaning'inia sikioni. "Mnara upi huo?"

"Hata sijui panaitwaje. Nasikia wanauita wa mgeni."

Jamani, asiye na bahati habahatishi. Nchi yote ilivyo kubwa, minara ilivyojaa kama uyoga, sisi wawili tukutane kwenye mmoja.

"Si ulisema unatengeneza jenereta za mahoteli!"

"Ningekwambia niko na mkandarasi wa kampuni ya simu ungeniripoti."

"Ningekuripoti ndiyo!"

"Sasa unaona?"

Niliona. Nilitaka kukimbia hadi pale kilimani niwahi kumpiga mimi kabla ya wengine.

"Nani kakutuma?"

"Meneja. Alisema mkaguzi anakuja, niwashe, akiondoka nizime. Ndiyo kazi yangu, Kaka, kuwasha na kuzima. Sikujua kuna mtu amekufa. Sikujua mkaguzi ni wewe." Kitu kizito kiligonga bati, akapiga ukelele wa kitoto. "Kaka, fanya kitu. Wewe si serikali?"

Simu ikakatika.

Niliwapigia polisi wa mjini. Askari wa zamu alinisikiliza kwa upole wote, kisha akaniambia kwamba ghasia za kijijini huripotiwa na kiongozi wa kijiji. Utaratibu ni kwamba Mwenyekiti ndiye ampigie mkuu wa polisi.

"Mtu anauawa!"

"Ndiyo maana nasema ampigie haraka."

Basi nikatafuta namba ya Mwenyekiti. Mara mtandao ukaanza kuyumba, unakuja unapotea. Sikuelewa kwa nini wakati ule. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanavipiga mawe vyungu vya mnara vinavyonasa mawimbi na kukata nyaya kwa mapanga, na mimi nilikuwa naongea kupitia hicho hicho walichokuwa wanakiua.

"Panda juu ya tangi," Nesi alisema, akinionyesha tangi la maji uani. "Pale ndipo nilipopanda mimi siku ile na damu ya marehemu mikononi. Nilipunga simu hewani hadi mkono ukafa ganzi. Panda."

Nikapanda. Simu ikaita, Mwenyekiti akapokea, nikasikia umati nyuma yake.

"Mkuu!" alisema kwa furaha. "Nimewazuia kwa nguvu zangu zote. Nimewaambia tusubiri kauli ya serikali. Subiri nikuweke kwenye spika wote wasikie."

"Sikiliza vizuri, Mwenyekiti! Huyo fundi asiguswe! Mkuu wa polisi, mpigie! Mpigie sasa hivi!"

Sauti ilipotea, ikarudi, ikapotea. Kisha nikamsikia wazi kabisa.

"Nimekupata, mkuu. Tunatekeleza."

Nilishuka nikitabasamu kwa meno yaliyobaki. "Amesikia," nilimwambia Nesi.

Hapo ndipo kelele zilipotoka kilimani, kelele kama za goli la ushindi. Nesi alisikiliza, akaangalia chini.

"Hao hawajatulizwa," alisema. "Panda pikipiki."

Ilikuwa pikipiki ya zahanati, ya chanjo, na Nesi aliiendesha kama mtu aliyekata tamaa ya kuishi. Nilimshika kiuno, uzi wa sikio ukipepea. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na jina la mdogo wangu mdomoni na nilijua kabisa kwamba nikilitamka mbele ya watu wale tumekwisha wote wawili. Mkaguzi wa serikali na fundi wa kampuni, ndugu wa damu! Nani angeamini kwamba hatukupanga?

Uzio ulikuwa chini. Mlango wa kibanda ulikuwa umeng'olewa pamoja na fremu yake. Jenereta bado lilikuwa linaguruma na watu walikuwa wamelizunguka wakilitandika kwa majembe, kama vile lingeweza kusikia maumivu.

Mdogo wangu alikuwa amefungwa kwenye mguu wa mnara kwa waya wa mnara huohuo. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Mtu mmoja alimpiga teke la tumbo, akasogea kumpisha mwenzake, na mwenzake akapiga, akasogea. Walikuwa wamepanga foleni. Watu wenye adabu zao, wamepanga foleni.

Mbele kabisa alisimama Seremala na nyundo. Yeye hakuwa amepiga bado. Walikuwa wamemwachia mwisho.

"Mkuu, karibu!" Mwenyekiti alinijia akinyoosha mikono, jasho likimtiririka. "Tumetekeleza agizo."

"Agizo gani?"

"Lako. Hata mimi nilishangaa, kusema kweli, lakini serikali ikisema imesema. 'Fundi, mpige sasa hivi.' Wamesikia wote, nilikuweka kwenye spika."

Mtandao ulikuwa umekula "asiguswe". Ulikuwa umekula polisi na mkuu wao. Na katika neno langu la mwisho ulikuwa umekula herufi moja tu.

"Nilisema mpigie!" nilifoka. "Mpigie! Mpigie mkuu wa polisi! Mpigie simu!"

Nikamwona Mwenyekiti akilitamka neno lile kimya kimya, kwa herufi hiyo na bila herufi hiyo. Akakaa chini na koti lake la suti.

Foleni ilisimama. Mtu mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha.

"Basi mkaguzi," Seremala alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na imechoka. "Mke wangu kafa kwa kukosa simu. Huyu anakufa kwa kuipata. Unataka nikusaidie nini?"

"Mfungueni. Sheria ipo."

"Sheria inasemaje juu ya mtu aliyezima mnara?"

"Kampuni hupigwa faini."

"Kumbe nayo hupigwa!" mtu alidakia, na safari hii wengi walicheka, kicheko kibaya.

"Faini haivunji mbavu," Seremala alisema. Akainua nyundo.

Mama wa marehemu alimtangulia. Alipita katikati yetu na ndoo, watu wakimpisha kwa heshima. Ndoo ilikuwa na dizeli, aliichota mwenyewe kwenye pipa la jenereta. Alimmwagia mdogo wangu kichwani, pole pole, kama anayemwogesha.

"Hii ndiyo waliyokuwa wanaibana," alisema. "Imemuua mwanangu kwa kutokuwaka. Acha iwake."

"Mama, dizeli haishiki haraka," mtu alimshauri. "Pikipiki ya Nesi ina petroli."

"Mkigusa pikipiki ya chanjo nitawachoma sindano za macho!" Nesi alifoka. Akasimama mbele yake na pampu ya tairi mkononi, na nawaambia, hakuna aliyemsogelea.

Mimi nilimsogelea yule mama. Nilipiga magoti kwenye dizeli. Sikuwa naigiza, magoti yalikwenda yenyewe.

"Mama, nisikilize. Aliyesema mnara uzimwe hayuko hapa. Amekaa ofisini, kwenye kiti kinachozunguka. Huyu ni mkono tu wa kuwasha na kuzima. Jina la aliyeamuru liko kinywani mwake. Mkimchoma, mmechoma ushahidi, na kule mjini watachinja ng'ombe kwa furaha. Watasema ni wahuni waliharibu mnara, na watalipwa na bima."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Atamtaja?"

"Atamtaja. Mbele ya hakimu, mbele yako. Mimi mwenyewe nitamshika mkono hadi kizimbani."

"Na wewe utaandika nini safari hii? Kwamba mtandao upo?"

"Nitaandika kwamba mnara huu huwashwa akija mgeni. Nitaandika jina la mwanao. Unitajie mwenyewe, nilisikie kwako."

Alinitajia. Silitaji hapa, ni lake. Alilitamka mara moja, na sauti ikamkatika katikati, kisha ndoo ikamtoka mkononi. Wanawake wawili walimwahi kumshika.

Seremala alisimama na nyundo juu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko maisha yangu. Kisha akaiangusha chini. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa kelele kama mtoto.

"Mfungueni," alisema akilia. "Mfungueni, aondoke machoni pangu."

Mwenyekiti ndiye aliyekimbilia waya. Alikuwa akiomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mguu wa mnara. Waya ulipolegea mdogo wangu aliporomoka, nikamdaka. Alikuwa mzito na mlaini, ananuka dizeli na damu. Kitu kilivuma kifuani mwake kila alipovuta pumzi.

Nilimwinamia kama ninayemkagua majeraha. "Hunijui," nilimnong'oneza sikioni. "Umenisikia? Hunijui kabisa. Nyamaza tufike kwenye pikipiki."

Hakujibu. Nilidhani amezimia, na nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilimbeba begani. Nesi alikuwa ameshawasha pikipiki. Watu walitupisha, mmoja hata alinisaidia kumshika miguu.

Tulipompita yule mama, mdogo wangu alizinduka. Jicho lake zima lilifunguka, likanitafuta, likanipata. Akatabasamu kwa mdomo uliopasuka, jinsi anavyotabasamu tangu akiwa na miaka mitatu, kila alipoharibu kitu akajua nitakirekebisha.

"Kaka," alisema, tena kwa sauti. "Mama usimwambie. Atakufa na presha."

Aliyeshika miguu akaiachia.

Nilicheka. Nilisema kila mtu humwita mwenzake kaka siku hizi, hata kondakta hukuita kaka, mtu amepigwa kichwani mnategemea aseme nini. Niliongea sana. Hata Mwenyekiti alikuwa amegeukia pembeni. Nyuma yangu nilisikia chuma kikikwaruza changarawe, nikajua bila kugeuka kwamba Seremala ameinama kuokota nyundo yake.

Mama wa marehemu alijinasua kwa wale wanawake. Alinishika kidevu kwa vidole vyenye dizeli, akaugeuza uso wangu kwenye jua. Kisha akaugeuza wa mdogo wangu. Pua zetu zilikuwa za mtu mmoja, na wala hakuhitaji miwani kuliona hilo.

"Mama yupi?" aliniuliza.